Kinyozi Aliyesoma Mwaka wa Jana

Duka la Baba Mdogo lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Mbele palikuwa na kiti cha kunyolea, kioo kirefu, benchi la wateja, na rafu yenye mashine, vitana, spiriti na poda. Nyuma ya pazia alikaa mkewe, Mama Mdogo, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Ukipita barabarani siku ya kazi ulisikia mashine mbili zikijibizana, ya nywele na ya nguo, na juu yake sauti nene ya mwanamume akisoma manabii.

Alisoma kwa sababu alikuwa msomaji wa parokia. Zamu yake ilikuwa mara moja kwa mwezi, Misa ya kwanza, somo la kwanza, na kwa zamu hiyo moja alijiandaa mwezi mzima. Somo alilinakili kwa mkono kwenye karatasi, akaichomeka kwenye ukingo wa kioo. Kila mteja aliyeketi alijitazama uso wake na kumsikiliza Isaya au Yeremia kwa pamoja. Ikifika Jumamosi, nusu ya mtaa ilikuwa imeshalijua somo la kesho, hata wale ambao mlango wa kanisa waliufahamu kwa nje tu.

Mmoja wao alikuwa dereva wa lori, mtu wa vicheko, ambaye kanisani alionekana kwenye harusi na misiba. Ndiye aliyempa Baba Mdogo jina la Nabii.

"Nabii, leo tuko na nani?"

"Tuko na Amosi."

"Bado anagomba?"

"Anagomba. Tulia basi, nisikutoe sikio."

"Mwezi jana aligomba, mwezi huu anagomba. Huyu hana mke wa kumtuliza?"

"Wenye wake ndio wanaogomba zaidi," alisema Mama Mdogo kutoka nyuma ya pazia, na benchi zima likacheka.

Sisi watoto wa ukoo tulinyolewa pale bure, wasichana kwa wavulana, kabla ya shule kufunguliwa. Nakumbuka ubaridi wa mashine nyuma ya shingo, harufu ya spiriti, na kiganja chake kikubwa kilichotulia utosini kwa muda kidogo kabla ya kazi kuanza. Tulidhani anapima kichwa. Siku moja nilimwuliza, akasema, "Nakuombea. Nikishashika kichwa cha mtu siwezi kukiacha hivi hivi." Kila kichwa kilipata Salamu Maria moja. Mwenye nywele nyingi na ngumu alipata Baba Yetu juu yake. "Na wewe?" alimtania Mwalimu mstaafu, ambaye utosini alikuwa amebakiwa na nywele za kuhesabu. "Wewe unapata Atukuzwe Baba tu, maana nikisema ndefu, kazi itaisha kabla ya sala."

Saa sita mchana kengele ya kanisa ilipolia alizima mashine. Ungekuwa umenyolewa upande mmoja tu, ungesubiri hivyo hivyo. Yeye na Mama Mdogo walisali Malaika wa Bwana, mmoja mbele ya pazia, mwingine nyuma, wakipokezana bila kuonana. Dereva wa lori aliwahi kukaa na nusu kichwa hadi mwisho wa sala, halafu akasema, "Mungu wenu ana saa kali, lakini afadhali anakumbuka kumaliza."

Kusoma alianza akiwa na miaka ishirini na miwili. Paroko wa wakati ule aliuliza nani katika vijana anajua kusoma bila kukwamakwama, na bibi yetu, mama yake, akamsukuma mgongoni mbele ya watu. Bibi hakujua herufi hata moja. Kila Jumapili baada ya Misa alikaa jikoni akimenya viazi na kumwambia, "Haya, nirudishie yule mtu wa Mungu alisemaje." Naye alimrudishia, na pale alipokuwa amesoma harakaharaka bila kuelewa, Bibi alisimamisha kisu. "Hapo hukusema kitu. Rudia." Ndipo alipotambua kwamba wapo watu ambao Biblia yao yote ni sauti ya mtu anayesimama mbele. Hilo lilimtia hofu, na hofu hiyo hakuiacha tena. Alitufundisha na sisi: somo lisomwe mara tatu kabla ya Jumapili. Mara ya kwanza kwa ajili ya ulimi, ili usijikwae. Mara ya pili kwa ajili ya masikio ya wengine. Mara ya tatu ukae nalo kimya, maana hapo ndipo lenyewe linapokusoma.

Miaka thelathini na moja ilipita hivyo, kisha macho yakaanza kumwacha.

Ulikuwa ukungu mweupe, mtoto wa jicho, uliokuja polepole kama maziwa yanavyoenea ndani ya chai. Kwanza alilaumu taa. Akabadilisha taa. Akalaumu kioo, akakisugua kwa gazeti mpaka Mama Mdogo akamwuliza kama anataka kukitoboa. Wembe akauacha kabisa, akabaki na mashine, na kwa mashine mikono yake ilijua njia. Hata hivyo kishungi kilibaki nyuma ya sikio la dereva wa lori, naye akatembea nacho safari nzima ya siku tatu.

"Nabii, hii ni alama gani? Umeniweka wakfu?"

"Nimekuachia kumbukumbu," alijibu Baba Mdogo, akacheka, lakini alipokuwa akikiondoa kile kishungi mkono wake haukuwa mwepesi kama siku zote.

Hospitalini waliandika jina lake kwenye orodha ya upasuaji, wakamwambia asubiri kuitwa. Kunyoa hakukumpa wasiwasi sana. Kilichomnyima raha ni mimbari. Msomaji mzee aliyemtangulia alipoanza kukosea mistari, jina lake liliondolewa na likatangazwa mwisho wa Misa, pamoja na matangazo ya usafi na funguo zilizookotwa. Mzee yule aliendelea kuja kanisani, lakini alikaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Baba Mdogo aliyaona yale, na aliapa moyoni kwamba yeye hayatamkuta. Kama hasomi, alijiuliza, basi yeye ni nani ndani ya kanisa lile?

Kwa hiyo walificha, yeye na mkewe.

Mama Mdogo alikuwa ameishia darasa la nne. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na kitabu chake kikubwa maishani kilikuwa daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu. Sasa kila jioni, baada ya mteja wa mwisho, alifungua misale yao kuukuu ya masomo ya Misa iliyokwisha kupoteza jalada na kurasa za mwanzo, akamsomea mumewe somo la zamu yake, kisha akalinakili yeye kwenye karatasi ya kioo. Yeye alilirudia akifagia nywele. Alipokosea, mkewe alimrekebisha; mkewe alipotamka neno vibaya, naye alimrekebisha.

"Si 'kuka-nganya'. Ni 'kukanganya'. Usilikate katikati kama kitambaa."

"Mimi kazi yangu ni kukata."

"Basi kata kwenye alama. Ukiona mkato, vuta pumzi. Ukiona nukta, mtazame mtu."

"Nikuangalie wewe? Nitasahau nilipofika."

Jumapili ya zamu alipanda mimbarini, akaweka kidole kwenye kitabu cha masomo, akainamisha kichwa mbele ya ukungu mweupe, na kulitoa somo zima moyoni bila kuruka kitu. Watu walisema siku hizi anasoma vizuri kuliko zamani, maana anawatazama. Ilikuwa kweli kwamba alisoma vizuri zaidi. Ilikuwa kweli pia kwamba kila mara alirudi kwenye benchi na kujisikia kama mtu aliyepita mlangoni kwa tiketi ya mwenzake.

Waliendelea hivyo mwaka mmoja na nusu. Kisha ikafika Dominika ya kwanza ya Majilio, yale majuma manne ya kungojea Krismasi.

Masomo ya Jumapili hayarudi kila mwaka. Yamepangwa katika miaka mitatu, A, B na C, na mwaka mpya wa Kanisa hauanzi Januari. Unaanza siku ile ya kwanza ya Majilio, wakati kalenda ya ukutani bado ina karatasi za kuchanwa. Baba Mdogo alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Mama Mdogo hakulijua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia, na kurasa zenye maelezo zilikuwa zimekwisha kung'oka. Alijua kwamba mwaka mzima wamesoma B. Aliiangalia kalenda, akaona Novemba. Akafungua Majilio, akatafuta B, akasoma.

Lilikuwa somo la Isaya, lile ambalo nabii anamlilia Mungu kwa nini amewaacha watu wake wapotee, anamwomba azipasue mbingu ashuke, na mwishoni anakiri kwamba wao ni udongo tu mikononi mwa mfinyanzi. Baba Mdogo alilipenda tangu ujana. Majilio ya mwaka uliotangulia alikuwa kitandani na homa, hakulisikia likisomwa, hivyo halikumkumbusha chochote. Baadaye alikiri kwamba alipolisikia alifurahi mno hata hakufikiri kuuliza ni mwaka gani. Kwa wiki nne alilitafuna. Wateja walisema safari hii Nabii analia kweli.

Jumapili ilipofika alipanda mimbarini na kusema kwamba somo linatoka katika kitabu cha nabii Isaya.

Palitokea mchakacho wa karatasi. Watu wenye misale walikuwa wamefungua Yeremia. Mwalimu mstaafu, aliyezoea kufuata kwa kidole kila neno, alifunua mbele, akafunua nyuma, akamtazama jirani yake. Baba Mdogo aliusikia mchakacho akadhani watu wameguswa. Akaendelea. Tuliokuwepo tunakubaliana mpaka leo kwamba hajawahi kusoma vile. Alipofika pale nabii anapouliza kwa nini Mungu amewaacha wapotee, sauti ilimkatika, naye hakuwa anaigiza. Alipomaliza, watu waliitikia "Tumshukuru Mungu" wakiwa wamechelewa, mmoja mmoja.

Alirudi kuketi. Kwaya ikasimama kuimba zaburi. Alisubiri ile ya mchungaji anayeombwa awageuzie watu uso wake, kwa sababu ndiyo inayofuata somo lile. Kwaya ikaimba nyingine, ya mtu anayeinua nafsi yake kwa Bwana.

Hapo akajua. Mama Mdogo, aliyekuwa kando yake, alisema kwamba mkono wa mumewe ulipoa ghafla kama umetumbukizwa majini.

Baada ya Misa Padre alimwita sakristia, chumba cha mavazi ya Misa. Alikuwa Padre kijana, mtaratibu, mtu wa kupanga mishumaa kwa urefu.

"Baba, umesoma wapi leo?"

"Nimekosea mwaka, Padre. Nisamehe."

"Kitabu kilikuwa wazi kwenye Yeremia. Utepe niliuweka mwenyewe." Alisema bila kupandisha sauti. "Mtu anayesoma kitabu kilicho wazi mbele yake anaweza kukosea neno. Hawezi kukosea mwaka."

Padre alikichukua kitabu, akakiweka mikononi mwake.

"Nisomee hapo juu. Mstari mmoja."

Alikisogeza karibu, akakipeleka mbali, akakigeuzia dirishani. Kisha akakifunga taratibu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka ya mwaka jana."

"Na nani anakusomea?"

Baba Mdogo alijua kosa la mwaka limetoka wapi. Neno moja tu lingetosha, na aibu ingegawanyika mara mbili.

"Mke wangu. Yeye amesoma vizuri. Kuuliza mwaka ilikuwa kazi yangu."

Padre alikaa juu ya sanduku la mishumaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akifanya. "Kwa nini hukuniambia, Baba? Ningekukaripia?"

"Ungenitangaza."

"Sitakutangaza. Lakini hutasoma tena mpaka macho yapone, na nataka uelewe sababu. Wewe unalijua Neno kwa moyo, na hilo ni jambo jema, wengi hatulijui hivyo. Ila mimbarini tunafungua kitabu kwa makusudi. Kilichomo kichwani mwangu nakichagua mimi. Kilichomo kitabuni kinanijia hata siku ambayo sikitaki. Leo watu walipaswa kumsikia Yeremia, wamesikia kile ulichokipenda wewe."

Baba Mdogo alituambia kwamba maneno hayo yalimuuma kwa sababu hakupata tundu la kuyakwepea.

Nyumbani palikuwa kimya siku mbili. Jumanne Mama Mdogo akashindwa.

"Kalenda ilikuwa Novemba," alisema. "Mwaka si haujaisha? Mimi ningejuaje kwamba kanisani mwaka unaisha kabla ya mwaka?"

"Hakuna aliyekulaumu."

"Hujanilaumu kwa mdomo. Unanilaumu kwa ufagio. Tangu juzi unafagia mahali pamoja."

Dereva wa lori alikuja siku hiyo hiyo, habari zimemfikia njiani.

"Nabii, mimi nikikosea barabara nafika kwenye mto. Wewe umekosea mwaka, umefika wapi?"

Kwa kawaida angepata jibu kabla hajaketi. Safari hii Baba Mdogo alimfunga kitambaa shingoni, akaanza kazi bila neno. Dereva akamtazama kwenye kioo, akashusha sauti. "Samahani, kaka. Nilidhani bado tunataniana." Na kioo kilikuwa kitupu, karatasi ya somo haikuwepo.

Alhamisi Padre alikuja kunyolewa. Hakuwahi kuja pale. Alikaa kitini, akafungwa kitambaa, akaanza kuzungumza na pazia.

"Mama, Dominika ya tatu msomaji wangu atakuwa amesafiri. Nataka usome wewe."

Cherehani ilisimama. "Mimi? Padre, mimi ni darasa la nne."

"Umesoma kila jioni mwaka mmoja na nusu, ukisahihishwa na msomaji bora niliyenaye. Wasomaji wangu wengine hawapati hata dakika kumi."

"Nimemsomea mtu mmoja nikampotosha. Nikisomea watu mia nne nitawapeleka wapi?"

"Safari hii mwaka nitakuonyesha mimi."

"Nitajibu Jumapili," alisema Mama Mdogo, na cherehani ikaanza tena kwa kasi isiyo ya kawaida. Padre akageuza macho kwenye kioo kumtafuta kinyozi, lakini kinyozi alikuwa ameinamia kisogo chake kana kwamba kimeandikwa kitu.

Alipoondoka, Mama Mdogo alitoka nyuma ya pazia, sindano mdomoni, akaitoa.

"Sema kitu."

"Niseme nini? Hajaniuliza mimi."

"Mimi nakuuliza. Ukisema nisikubali, sikubali, na sitakuambia neno siku yoyote. Lakini sipandi pale huku wewe umekaa umenuna kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko."

Akachukua ufagio. Ni kipande cha maisha yake ambacho hakukipenda kukisimulia, naye alikisimulia hivyo hivyo. Usiku wala mchana, alisema, wivu haukumwacha. Aliona haya kumwonea wivu mke wake mwenyewe kwa ajili ya Neno la Mungu. Alijaribu kulisalia, akajikuta anamweleza Mungu hesabu ya miaka yake thelathini na moja kama mfanyakazi anayedai cheti. Alimwomba Mungu amwondolee wivu, huku moyoni akitumaini mkewe atakataa mwenyewe.

Ijumaa mchana hapakuwa na wateja. Alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, aliposikia sauti nyuma ya pazia. Mama Mdogo alikuwa akisoma kwa kunong'ona. Alimsoma Sefania, somo la Dominika ya tatu, ambalo nabii anauambia mji ushangilie, usiogope, usiiache mikono yake ilegee, kwa maana Mungu yupo katikati yake. Alikuwa anasoma vibaya. Alivuta pumzi pasipotakiwa, akaruka nukta, akagawa sentensi mahali pabaya hata nabii akaonekana anamwambia Mungu ndiye asiogope.

Baba Mdogo alivumilia mara ya kwanza. Akavumilia mara ya pili. Mara ya tatu alishindwa.

"Hapo kuna mkato!"

"Nani kakuita?" Mama Mdogo aliuliza.

"Hapo kabla ya 'usiogope.' Ukiunganisha, watu watalala na njaa ya Neno."

"Njoo uone kama kweli upo."

"Sioni, lakini upo. Anza tena."

Alianza tena. Alipokosea alimsimamisha, kama Bibi alivyomsimamisha yeye. Walifanya hivyo alasiri yote. Mteja mmoja aliingia akaambiwa asubiri, akasubiri, na mwishowe akawa anatikisa kichwa kila mkato ulipokuja mahali pake. Jioni Baba Mdogo aliingia upande wa nyuma, akakaa juu ya furushi la vitambaa, na kusema jambo alilokuwa ameshindwa kulisema tangu Alhamisi.

"Kubali. Usisubiri Jumapili. Kesho nenda ukamwambie Padre umekubali."

"Umetoa hilo moyoni au umelikariri?"

"Sijui. Lakini nimelitoa."

Dominika ya tatu ya Majilio Mama Mdogo alivaa gauni alilolishona kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wa jirani, akavua viatu vya visigino dakika ya mwisho na kuvaa vya kawaida. Baba Mdogo alikaa mstari wa pili. Hakuwa na misale mkononi, kwa sababu ingemsaidia nini?

Mama Mdogo alikwenda mbele, akainama, akakigusa kitabu kwa kidole chake cha kulia, kidole kile kile cha daftari la vipimo. Alisoma polepole. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akihakikisha kila jiwe kabla ya kuhamisha uzito. Hakuwatazama watu hata mara moja. Dereva wa lori, ambaye hakuwa na harusi wala msiba siku hiyo, alisimama karibu na mlango akiwa ameshika kofia yake.

Baba Mdogo alilijua somo lile tangu ujana. Alikuwa amelisoma yeye mwenyewe pale mbele, mara nyingi, na siku zote alitumia nguvu zake zote mwanzoni, kwenye ile kelele ya kuuamuru mji uimbe. Mwishoni sauti yake ilishuka, kwa sababu tayari alikuwa anawaza kufunga na kurudi kuketi. Mama Mdogo hakuwa na nguvu za ziada mwanzoni wala mwishoni. Kila neno alilipa uzito ule ule. Kwa hiyo alipofika pale mwisho, neno lilitua lilivyo: kwamba ni Mungu mwenyewe atakayefurahi juu yao na kuwashangilia kwa kuimba.

"Miaka yote ile," alituambia, "nilidhani ni sisi tu tunaoimba. Nilikuwa nimelisoma kwa kinywa changu. Halikuwahi kunifikia kwamba na Yeye anaimba, na kwamba anatuimbia sisi." Alisema alikaa pale akiwa na macho yasiyoona kitu, akijaribu kuwaza ni sauti ya namna gani, nene au nyembamba, na ghafla hakukumbuka tena kwamba zamu ile ilikuwa yake.

Mama Mdogo alimaliza. Watu walimshukuru Mungu kwa pamoja, safari hii bila kuchelewa. Akarudi, akajibwaga kando ya mumewe.

"Nimeruka?" alinong'ona.

"Umeruka neno moja."

"Lipi?"

"Kwaya inaimba. Nyamaza."

Nyumbani alimwuliza tena, akamwambia atakumbuka. Wiki iliyofuata akamwuliza, akamwambia lilikuwa neno dogo. Kabla ya Pasaka hospitali ilimwita, jicho moja likarudi vizuri kabisa, na Padre akamrudisha kwenye orodha. Wakawa wanasoma wote wawili, mwezi huu huyu, mwezi ule yule, na wateja wakawa na mada mpya ya kubishania kwenye benchi. Baba Mdogo alisoma miaka minane zaidi, mpaka alipofariki. Neno lile hakulitaja.

Sasa duka lina kinyozi mwingine, na pazia limeondolewa. Mama Mdogo anashonea nyumbani, na bado yuko kwenye zamu. Majilio ya mwaka C yanapofika, huitandaza misale juu ya meza ya cherehani, akampitia Sefania kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akilitafuta neno aliloliruka.

"Mchokozi sana yule mzee," anasema, na anaanza tena mstari wa kwanza.